Bastola ya Mutaliano, kilio cha Bibi, na springi iliyotutoa jasho Albertville

Wakuu, salaam. Wa umri wangu shikamooni mlipo, na wengine wote marahaba, maana najua humu ndani nawazidi karibu wote.

Ninachosimulia nilikiona mwenyewe, na sehemu moja nilikikalia mkekani. Sina picha. Nina macho mawili, moja sasa hivi lina mtoto wa jicho, lakini wakati ule yote yalikuwa mazima. Anayetaka ushahidi zaidi ya huo apite tu, hatutagombana.

Kilichonifanya niandike ni uzi wa kijana mmoja humu. Anatafuta spea ya bastola ya baruti nyeusi, zile replica, yaani silaha mpya iliyotengenezwa kwa kuiga ya zamani. Springi ya kinyundo imekatika. Wengine mmemwambia aagize online, wengine mmemcheka, eti anahangaika na kitu cha makumbusho.

Mimi sikucheka. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa.

Springi hiyo hiyo, wakuu, ya bastola ya aina hiyo hiyo, nyumba yetu iliitafuta kwa miezi. Na hatukuwa tunaitafuta kwa kujifurahisha. Kulikuwa na mtu anaisha mbele ya macho yetu kwa ajili yake.

Tukae vizuri basi.

Kwetu ni Kalemie, Kongo, ufukweni mwa Tanganyika. Siku hizo mji uliitwa Albertville. Hii ni miaka ya mwanzo baada ya uhuru, wazungu wengi wameondoka mbio, askari wanaingia na kutoka, leo hawa kesho wale, na wewe raia unajifunza kusalimia kila anayepita.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, napiga taipu kwenye biro, yaani ofisi, moja pale bandarini, na nilikuwa nimeshachumbiwa na kijana anaitwa Simeoni, mtunza stoo. Mjue mapema, atarudi.

Tulikaa nyumba za wafanyakazi wa reli pamoja na wazazi wa Papa. Babu alikuwa mwindaji kutoka Kiambi, huko kwenye mto Luvua. Uzeeni ndipo alipokubali kuhamia mjini, na alihamia akinung'unika. Alisema mjini nyama ina jina la mwenye duka.

Sasa ninyi mnajua utani wa babu na mjukuu wa kike. Kwetu ulikuwa mzito. Babu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita muke yangu mudogo. Nikirudi kazini ananiuliza kwa ukali mbona sijampikia, na Bibi anaitikia kutoka jikoni kwamba huyo mke mwenza wake ni mvivu, arudishwe kwao. Kwao ni wapi, na kwao ndiyo hapo hapo? Tulicheka hivyo kila siku.

Gobori lake, sisi tunaita pupu, lilikuwa limetundikwa chumbani kwake tangu ahame. Halikuwa linawinda tena. Lakini kila Jumapili baada ya misa alilishusha akalipaka mafuta, akalirudisha.

Ikatoka amri silaha zote zipelekwe kambini. Babu akalibeba gobori lake mwenyewe, akalipeleka, akarudi mikono mitupu. Kuanzia hapo alianza kupungua, na haukupita muda mrefu akafariki.

Siku ya maziko nilifanya kazi ya mjukuu. Nilikaa mlangoni nikazuia jeneza lisitoke, nikasema mume wangu haondoki bila kuniachia urithi. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, ndivyo inavyotakiwa. Aliyenitoa pale ni mdogo wake Papa, Baba mdogo Ilunga, mwindaji naye, aliyekuwa amekuja kutoka Kiambi. Alichukua kofia ya Babu akanivika mbele ya ukoo wote, akasema haya, muke mudogo, chukua chako upishe. Nikapisha.

Hiyo kofia muiweke akilini. Itakuja kufanya kazi.

Padre akamzika vizuri, nyimbo zikaimbwa. Lakini kitu kimoja hakikufanyika.

Katika ukoo wetu mwindaji haagwi kwa maneno. Anaagwa kwa baruti. Mtoto wake mkubwa anapiga baruti tupu hewani, bila risasi, moshi mweupe unapanda, pori linajua mtu wake ameondoka. Mpaka mlio huo usikike, mjane yuko bado kwenye kilio. Analala mkekani. Hali cha moto. Anavaa nguo moja nyeusi, haifuliwi, haivuliwi. Hatamki jina la marehemu wala chochote cha mawindo, hata neno bunduki.

Kwa kawaida hilo ni jambo la kesho yake tu. Wanapiga, mjane anaoga, anakula, basi.

Bibi yetu alikaa hapo mkekani miezi.

Magobori yalikuwa yameishia kambini. Baba mdogo alirudi Kiambi akiahidi kutafuta moja, lakini barabara zilikuwa na vizuizi, na ukikutwa na silaha safarini hulali kwako tena. Jirani mmoja mwenye ndugu askari akasema kwa nia njema, tumwombe apige bunduki yake ya kisasa mara moja, si mlio ni mlio? Papa akapeleka wazo kwa Bibi. Bibi akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ile njo sauti ya vita. Haimujui."

Njo kwetu ni ndiyo, na asiyejulikana ni Babu. Ikawa imekwisha hapo. Padre naye alikuja akamweleza kwa upole kwamba Mungu hahitaji moshi. Bibi alimsikiliza, akamshukuru, akabaki mkekani. Ubishi wake haukuwa wa makelele, ndiyo maana haukuwa na dawa.

Alikuwa anakonda. Alikula uji uliopoa, vijiko vichache. Mikono ilibaki mishipa. Mama alikuwa akitoka kumpa chakula anasimama nyuma ya mlango analia, halafu anarudi ndani na uso mkavu.

Ndipo Papa akakumbuka bastola ya Mutaliano.

Kulikuwa na Mwitaliano mmoja, fundi wa mitambo kule kwenye kituo cha umeme cha Bendera. Papa alitumwa huko mara kadhaa kusaidia kazi za vyuma, wakawa marafiki wa kuazimana vifaa na kubishana. Huyu bwana alipenda sana filamu za ng'ombe na farasi. Likizo moja akarudi kutoka kwao na bastola, mpya kabisa, inang'aa, lakini imetengenezwa kwa mtindo wa zamani za mababu zao. Haitumii risasi za kisasa. Unaijaza baruti nyeusi na fataki, kile kidude kinachogongwa na kinyundo kuwasha baruti, kama gobori tu, ila hii ina vyumba sita vinavyozunguka.

Papa alisimulia kwamba alipoishika mara ya kwanza alishindwa kuelewa. Kitu cha jana, na umri wa miaka mia. Alisema mzungu ana muda.

Mwitaliano alilenga chupa nayo Jumapili moja, mbili, springi ya kinyundo ikakatika. Alipoondoka kwa haraka baada ya uhuru, alimwachia Papa bastola, kopo la baruti na fataki, akamwambia wewe ukiitengeneza ni yako.

Askari walipokagua nyumba, waliiona. Sajini akavuta kinyundo, kikalala tu kama kichwa cha mtoto aliyesinzia. Akawaonyesha wenzake, wakacheka, akamrudishia Papa akasema kachezee. Kwa hiyo mji mzima haukuwa na silaha ya baruti nyeusi isipokuwa hiyo, na ilibaki kwa sababu ni mbovu.

(Aliyeuliza hapo juu kama Papa alikuwa na leseni: mwanangu, wakati ule hata serikali yenyewe haikuwa na hakika na leseni yake.)

Springi yenyewe sisi tuliita resori. Si ile ya kujizungusha. Ni utepe wa chuma, unakaa ndani ya mpini, umepinda kidogo. Ukivuta kinyundo unajikunja, ukiachia unakitupa mbele. Kitu kidogo cha kudharauliwa. Bila hicho bastola ni uzito wa kushikia karatasi.

Papa alijaribu kukata moja kutoka kwenye chuma cha msumeno wa karakana. Ikavunjika mara ya pili tu. Akajaribu chuma cha saa ya ukutani, kikawa laini, kinyundo kinaigusa fataki kama mtu anabisha hodi nyumba ya mkwe. Kila jioni alikuja na bastola barazani, anaifungua, anaifunga, anavuta, tunasikiliza. Hakuna.

Nilianza kuitafuta na mimi. Ninyi mnaobofya simu hamtaelewa. Nilikwenda duka la Mgiriki pale barabara kuu, nikaweka kile kipande kilichokatika juu ya kaunta. Akakigeuza, akasema labda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, labda Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, labda Ulaya, na kwa hali hii hakuna kinachofika. Nikauliza mafundi baiskeli, mafundi cherehani, nikauliza hata mabaharia wa meli iliyotoka Kigoma. Mmoja akaniuliza binti mzuri kama wewe unamtafutia nani springi ya bastola. Nikamwambia bibi yangu. Alisogea pembeni.

Mimi na Papa tukapanda lori mpaka Bendera. Mitambo ilikuwa inaendelea, maji yanavuma, waliobaki wanaiendesha wenyewe. Walitufungulia sanduku la vitu vya Mwitaliano. Tulikuta bisibisi ndogo, misumari midogo ya akiba ya bastola, picha ya farasi. Springi hakuna. Kwenye lori kurudi mimi nilikuwa nahesabu moyoni mifupa ya mikono ya Bibi.

Ngoja nizime jiko, narudi.

Nimerudi.

Kuna jambo nililiona kila jioni na sikulielewa. Papa akitoka na bastola barazani, akivuta kile kinyundo kilegevu, mkono wa Bibi pale mkekani ulishuka kwenye upindo wa nguo yake nyeusi. Unashika mahali pale pale, karibu na kifundo cha mguu, unapapasa. Nilidhani anasikia baridi. Nilimfunika blanketi. Analisukuma, mkono unarudi upindoni. Nikadhani ni sisimizi, nikamwaga majivu kuzunguka mkeka. Alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayaona. Mtu mwenye akili alikuwa anatazama mpumbavu aliyempenda.

Hali ilipokuwa mbaya zaidi, Papa alituma habari kwa njia ya treni, mtu kwa mtu, mpaka Kiambi. Baba mdogo Ilunga akaja, amechoka, miguu imevimba. Ukoo ukaitwa, tukajaa barazani. Papa akamwonyesha bastola na springi iliyokatika.

Baba mdogo aliitazama, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliuliza utumbo wa gobori la Babu uko wapi.

Papa akasema gobori lilikwenda kambini.

Baba mdogo akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. Akasema, "Mwindaji gani alipeleka bunduki nzima kambini? Tulipeleka mbao na bomba. Resori tulitoa, tukapatia wanamuke zetu. Wanamuke njo walishona mu nguo."

Yeye na wenzake wote wa Kiambi walifanya hivyo. Yake ilikuwa na mke wake, na mke wake alikuwa amekimbia mapigano kuvuka Luvua, hajulikani yuko kijiji gani. Askari walikuwa wamekusanya magobori yasiyo na roho, na roho zenyewe zilikuwa zinatembea na wanawake sokoni, kisimani, kanisani.

Wote tukageuka kumtazama Bibi.

Bibi angetamkaje neno la bunduki? Hakuruhusiwa. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mkono wake uko upindoni.

Mama akashika mdomo. Akakumbuka kwamba siku ile anavalishwa nguo nyeusi, Bibi aliomba sindano akakunja upindo mwenyewe. Walidhani nguo ni ndefu. Tumekwenda Bendera, tumeweka kipande juu ya kaunta ya Mgiriki, na kitu kiko hapa hapa chini ya mkono wa mgonjwa wetu.

Nilisisimka mwili mzima, wakuu. Naandika sasa na bado nasisimka.

Lakini furaha haikudumu hata dakika chache, maana wazee wakaona fundo. Nguo ya mjane haifumuliwi mpaka mlio usikike. Na mlio hautasikika mpaka nguo ifumuliwe.

Bibi mwenyewe hawezi, mikono yake haifungui alichofunga kwenye kilio. Watoto wake wa kiume hawawezi hata kuigusa. Mama, kama mkwe, asithubutu. Nani anaruhusiwa? Baba mdogo akasema ni mke mwenza peke yake, maana kilio ni chake pia. Na Babu maisha yake yote alikuwa na mke mmoja.

Walibishana. Mmoja akasema hizi ni nyakati ngumu, tufunge macho tukate. Baba mdogo akasema ukikata hivyo, Bibi ataamini amemfungia mumewe mlango, na hatakula tena. Wote walijua ni kweli.

Sijui nilisimama lini. Nakumbuka nilikwenda chumbani, nikarudi na ile kofia kichwani.

Nikasema mimi ni mke wake mdogo. Alisema mwenyewe kila siku mbele yenu. Na urithi wangu mlinipa ninyi, mlangoni, siku ya maziko.

Wakacheka. Ni utani, lazima ucheke. Halafu kicheko kikafifia kimoja kimoja, mpaka akabaki anacheka mzee mmoja kiziwi, naye akaona wenzake, akanyamaza.

Baba mdogo Ilunga akanisogelea. Akasema, "Kama uko muke, kaa mu mukeka. Na bastola ikikatala, hautatoka. Utakuwa mujane pamoja naye. Umesikia?"

Papa akainuka kwa hasira. Akasema mtoto huyu ana mchumba, harusi imeshatangazwa kanisani, ninyi mnataka kumfanya mjane kabla ya ndoa? Na springi ya gobori itaingiaje kwenye bastola ya Ulaya, nani ana hakika? Alikuwa fundi, alijua kuliko wote jinsi jambo hilo linavyoweza kushindikana.

Na Simeoni alikuwepo, amesimama karibu na ukuta na wanaume wengine. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilitazama viatu vyake, havikusogea.

Nikavua viatu vyangu, nikaenda kukaa mkekani.

Bibi alinyoosha mkono akaigusa ile kofia. Halafu akafungua kinywa, na sauti ilikuwa kavu kwa kukaa muda mrefu bila kutumika.

"Sogea, muke mwenzangu. Ulichelewa."

Barazani wanaume wazima walilia. Mimi nilikuwa nalia nikifumua. Nilianza na ncha ya sindano, mikono ikagoma, nikamalizia kwa meno. Nguo ilinuka jasho na moshi wa zamani. Ndani ya upindo kulikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa nta ya nyuki, na ndani ya nta ule utepe wa chuma, mweusi, safi, hauna hata doa la kutu. Ulikuwa na harufu ya mafuta yale ya Jumapili baada ya misa.

Papa akaupokea kwa kitambaa, akaenda karakana.

Mimi nikabaki mkekani. Siwezi kuwaambia ilichukua muda gani, mkekani saa hazitembei sawa. Springi ilikuwa ndefu na pana kuliko ya Mwitaliano, ilibidi ipunguzwe kwa tupa, na ukizidisha kidogo umeiua. Nilikula uji wa baridi. Nililala chini na Bibi, mgongo kwa mgongo. Nilikuwa na hofu, nisiwadanganye. Nilijiona nimezeeka pale na nguo nyeusi, na huko nje mwingine anaimbiwa ndoa yangu.

Simeoni hakuruhusiwa kunisalimia. Alikuja akakaa na wanaume, akampa Mama mikebuka wawili, samaki wa ziwa letu, aliowanunua sokoni, akasema wakaangwe siku ya kutoka. Hakusema kama tutatoka. Alisema siku ya kutoka. Nilisikia kutoka mkekani, nikafumba macho.

Papa alirudi mchana mmoja, vidole vimejaa mikwaruzo ya tupa. Hakusema imefaa wala haijafaa. Akaenda moja kwa moja kambini kuomba ruhusa, maana kupiga mlio mjini siku zile ni kuanzisha vita. Sajini yule yule aliyecheka akasema atakuja mwenyewe kuangalia, na kama ni ujanja, tutamjua yeye ni nani.

Tukabebwa na mkeka wetu mpaka uwanja ulio nyuma ya nyumba za reli. Watu walijaa. Nyuma yetu ziwa, mbele yetu milima, na nyuma ya milima njia ya kwenda Kiambi. Papa akaweka baruti bila risasi kwenye vyumba vya bastola, akabandika fataki, akainua mkono.

Akavuta kinyundo.

Nilisikia sauti ya ile springi ikijikunja, na Bibi aliisikia. Alinishika kiganja. Ile haikuwa sauti ya kitu cha Ulaya. Ilikuwa ni ile sauti ya chumbani kwa Babu, kila Jumapili, miaka yote.

Papa akafyatua. Tak.

Hakuna.

Fataki ilikuwa imeingia unyevu. Sajini akatikisa kichwa. Nilimtazama Simeoni usoni kwa mara ya kwanza tangu nikae mkekani, na nilimkuta ananitazama tayari. Papa hakugeuka. Akasogeza chumba kinachofuata, akavuta tena.

Wakuu, mlio ule.

Haukupasua kama bunduki za askari. Ulikuwa mzito, wa chini, ulitoka ukaenda ukagonga milima, ukarudi kwetu taratibu. Na moshi mweupe ukatoka, mwingi kuliko kitu kidogo vile, ukasimama juu ya kichwa cha Papa. Halafu upepo wa ziwa ukausukuma. Ulikwenda magharibi, wakuu, kuelekea milimani, kuelekea Kiambi, umeshikamana bila kutawanyika, na watu wote wa uwanja ule waligeuza shingo kuufuata. Hata waliokuja kucheka. Sajini alikuwa amevua kofia, na sidhani kama alijua ameivua.

Mimi nimesoma kwa masista. Naujua upepo wa ziwa, mchana unavuma kwenda nchi kavu. Najua. Na bado siku ile niliogopa kupumua.

Bibi alikuwa amesimama. Peke yake, hakuna aliyemwinua. Akautazama moshi mpaka ukapita juu ya mgongo wa mlima. Halafu akalitaja jina la Babu, lile ambalo hakulitaja miezi yote ile.

"Mwamba. Enda sasa. Mimi niko na njaa."

Mikebuka wale wawili alikula mmoja na nusu. Nusu alinipa mimi, akasema ni ya mke mdogo.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilioga, nikaolewa na Simeoni, na maisha yetu yote alinitania kwamba alioa mjane. Vita viliporudi tukavuka ziwa kuja Kigoma. Katikati ya maji Papa aliogopa msako wa upande wa pili, akaitupa bastola ya Mutaliano ziwani. Lakini kabla ya kuitupa aliifungua mpini, akatoa springi. Bibi alinyoosha kidole kwangu. Papa akanipa.

Bibi aliishi miaka mingi Kigoma. Alifariki amenenepa.

Funzo langu, mtalichukua au mtaliacha: ukitafuta kitu kilichopotea nyumbani, kabla hujapanda lori, mtazame vizuri yule aliyekaa kimya pembeni. Mtazame mikono. Sisi tulimfunika blanketi.

Na wewe kijana mwenye uzi wako wa spea. Simeoni wangu alitangulia, na mimi sasa navaa nguo zangu za ujane kwa mtindo wa huku, zinavuliwa na kufuliwa. Lakini kila kitenge ninachoshona, nakunja upindo mwenyewe. Hiyo springi unayoitafuta ninayo, hapa karibu na kifundo cha mguu, ndani ya nta.

Siuzi. Ila ukifika Kigoma nitumie PM, njoo uishike.

Wengine niambieni, wanawake wa nyumba zenu walificha nini kwenye upindo? Nasoma zote, polepole, kwa jicho moja.